Nilimsomea mzee wa watu barua vibaya: kumbe "demoted" si kufukuzwa kazi. Wajuzi wa lugha tusaidiane

Stesheneri_Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Nina kibanda cha stesheneri: kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti. Kuna na kazi moja ambayo sikuiandika kwenye kibao ila ndiyo inayoniweka mjini, nayo ni kuwasomea watu barua za Kiingereza. Mtu anapata barua ya benki, ya mahakama, ya kazini, anakuja nayo, namwambia imesemaje. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na kuzoea makaratasi. Kwa miaka sita hakijawahi kuniangusha, au labda kiliniangusha na waliosomewa hawakurudi kuniambia.

Jumamosi ya wiki juzi alikuja mzee mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, msimamizi wa zamu kwenye ghala moja hapa mjini (sitalitaja). Barua ameiweka katikati ya daftari la mtoto, kwenye kona imeingia doa la mawese. Amekabidhiwa Ijumaa jioni wakati anatoka, hakuna aliyemweleza kitu. Nikafungua, macho yakaangukia mstari wa pili: "you are hereby demoted". Sikutafuta kamusi. Jicho liliona "demoted", kichwa kikasoma "removed". Nikamwambia, baba, wamekuachisha kazi.

Chini kidogo barua ikamtaka ku-"report to the storekeeper" siku ya Jumatatu. Na hilo nikalitengenezea maana: nenda stoo ukakabidhi vitu vyao. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, na mshahara wa mwisho wamesema nitaufuata lini?" Nikapitia karatasi juu hadi chini, sikuuona. Nikamjibu labda watakupigia simu.

Hapo ndipo ningeshtuka. Barua ya kumwachisha mtu kazi inakosaje kusema chochote kuhusu haki zake? Lakini nilikuwa nimeshaamua barua inasema nini, na kila neno lililobaki nikalisukuma liingie humohumo.

Jumatatu hakwenda. Funguo za kukabidhi hakuwa nazo, akaona kwenda ni kujiaibisha tu. Jumanne hakwenda, Jumatano hakwenda. Alikuwa ameshaanza kwenda Kibirizi alfajiri kuulizia kama kuna boti la dagaa linalotaka mtu. Jumatano usiku mwenzake wa kazini akampigia: mbona huonekani, mtunza stoo anakusubiri tangu Jumatatu, wewe si umehamia kwake?

Alhamisi asubuhi kabla hajaenda kazini akapitia kwangu. Nilidhani atanigombeza. Akaiweka ile barua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akasema: "Mwanangu, soma tena. Safari hii polepole."

Nimesoma. Ameshushwa cheo, kutoka msimamizi wa zamu kuwa msaidizi wa stoo. Kazi anayo. Nimeomba radhi, ameitikia, lakini mimi mwenyewe sijalala vizuri. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Hili neno asili yake nini, linatumikaje, na kwa nini Kiswahili chetu kina maneno chungu nzima hapa (kushusha, kuvua, kutengua, kuengua, kuuzulu) hadi mtu hajui alitafsiri kwa lipi? Mwenye kujua anisaidie, nisije nikamliza mwingine.

---

Bwana_Mgebuka

Demote = kushusha cheo. Uzi ufungwe.

---

Stesheneri_Mwanga

Mkuu, kama ingekuwa rahisi hivyo mzee asingekosa kazini siku tatu.

---

Mwalimu_Cheyo

Dada wa Mwanga, pole. Nakuita dada kwa kukisia, kama nimekosea utanisahihisha. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu, nafuga nyuki hapa Tabora. Kosa lako nimeliona kwa wanafunzi wengi, hata kwa walimu wenzangu, ila wao walipoteza maksi tu.

Nianze na asili. Lile neno mwenzake, "promote", limetoka kwenye Kilatini: "pro" ni mbele, "movere" ni kusogeza. Kumsogeza mtu mbele. Waingereza wamekuwa nalo kwa zaidi ya miaka 500. "Demote" ni kitoto kidogo mbele yake. Halikutoka kwa Warumi. Lilitengenezwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Watu walichukua "promote", wakang'oa kichwa cha "pro", wakapachika "de" yenye maana ya kwenda chini au kutengua. Ni neno la kuungwaunga na kiraka kinaonekana, lakini limekaa.

Kabla yake walisema "degrade", ambalo ndani yake mna "gradus", yaani ngazi, kipandio. Kumteremsha mtu kipandio. Tatizo la "degrade" ni kwamba lilichafuka. Leo ukisema mtu amekuwa "degraded", msikilizaji anaelewa amedhalilishwa. Tazama Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e): Kiswahili kinakataza adhabu "zinazomtweza au kumdhalilisha" mtu, na nakala ya Kiingereza mahali hapo ina neno "degrading". Kwa hiyo nawasihi, msimwandikie bosi kwamba amemfanya fulani "degraded" mkidhani mmesema ameshushwa cheo. Mtakuwa mmefungua kesi nyingine.

Sasa matumizi, na hapa ndipo barua ya mzee ilipokuwa inakupigia kelele. "Demote" hutaka mtu mwingine atende. Mwanafunzi akiandika "I demoted last year" akimaanisha alishuka cheo mwaka jana, nampiga mstari mwekundu, kwa sababu amesema alimshusha mtu ila hajamtaja. Anayeshushwa lazima awe "was demoted". Halafu neno hili hupenda mikia miwili: "from", ulikotoka, na "to", unakofikia. Rudi kwenye barua uangalie. Nina hakika ilikuwa na "to". Mtu aliyefukuzwa hana "to". Anatoka, basi, anakokwenda wao hakuwahusu.

Kuhusu Kiswahili, tatizo lipo na sisi tumelizoea. Kitenzi "shusha" kinafanya kazi mbili. Wengi humu mmepanda treni ya Tabora kwenda Kigoma. Abiria amekata tiketi ya daraja la pili kulala, mkaguzi akaja akakuta kuna makosa, akampeleka daraja la tatu. Tunasema ameshushwa. Abiria mwingine hana tiketi kabisa, treni ikafika Nguruka akaambiwa chukua mzigo wako. Naye tunasema ameshushwa. Wa kwanza ataamka Kigoma shingo inamuuma. Wa pili ataamka Nguruka. Neno ni lilelile! Ndiyo maana mimi huwa sikubali mtu aseme "ameshushwa" akaishia hapo. Ameshushwa nini? Cheo, daraja, au gari?

---

Abiria_Mstaarabu

Mwalimu shikamoo. Umenikumbusha mbali, mimi niliwahi kushushwa Usinge saa nane ya usiku na kuku wawili. Hiyo haikuwa ya cheo.

---

Mwalimu_Cheyo

Marahaba. Kuku walifika?

---

Abiria_Mstaarabu

Mmoja.

---

Tepe_Mbili

Mwalimu amemaliza ya darasani, mimi niongeze ya kambini.

Kwa sisi tuliopita jeshini neno si kushusha, ni kuvua. Unavuliwa cheo. Askari wa chini vyeo vyao ni tepe begani: moja, mbili, tatu. Nilikuwa nazo mbili, koplo, nikazipoteza kwa kosa langu mwenyewe. Nililala lindoni, nikakutwa. Kikosi sikitaji na simlaumu mtu. Nikarudi kuwa askari wa kawaida. Kwa Kiingereza cha jeshi adhabu hiyo kuna namna yake ya kuisema, "reduced to the ranks", yaani kurudishwa kwenye safu na wenzako. Wanamaji wao wana "disrate". Raia ndio wenye "demote".

Nataka niwaambie kitu kimoja ambacho kamusi haikiandiki. Gwanda langu lilikuwa limefuliwa na kupigwa jua miaka miwili, limepauka. Nilipofumua zile tepe, pale zilipokuwa pamebaki kijani kibichi, kama kitambaa kipya, umbo lilelile la tepe mbili. Miezi mizima yeyote aliyenitazama begani alisoma nilikuwa nani. Nilitamani jua liwake zaidi papauke haraka. Ndiyo maana "kuvuliwa" kwangu ni neno la kweli kuliko "kushushwa". Nguo ukivuliwa, watu wanaona ulichokuwa umefunika.

Baadaye walinirudishia. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

---

Binti_Heru

Mzee Tepe, umenigusa.

Swali kwa mwalimu: vipi watemi na machifu? Huku kwetu Kasulu wazee bado wanamtaja Mwami Theresa Ntare aliyetawala Heru. Na huko kwenu Tabora mlikuwa na Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, ambaye alikuwa pia waziri Tanganyika ilipopata uhuru. Mwaka 1963 sheria ikafuta uchifu nchi nzima. Je, hao tuseme walikuwa "demoted"?

---

Mwalimu_Cheyo

Binti, swali zuri sana, na jibu ni hapana. Ili umshushe mtu lazima ngazi ibaki imesimama. Mwaka 1963 hakuna chifu aliyeteremshwa kipandio kimoja. Ngazi yenyewe iliondolewa ukutani. Cheo kilifutwa, Kiingereza wangesema "abolished". Wakati wa ukoloni lakini, chifu aliyemuudhi Mwingereza aliondolewa peke yake na mwingine akakalishwa palepale. Huyo ni "deposed", na Kiswahili chake cha zamani kizuri ni kuuzuliwa. Leo neno hilo limebaki hai kwa mlango wa nyuma tu, kwenye "kujiuzulu": mtu kujiondoa mwenyewe. Siku hizi husikii "ameuzuliwa" redioni. Unasikia "uteuzi wake umetenguliwa".

---

Ofisi_ya_Utumishi

Hapo kwenye kutenguliwa niingie, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku, na watu wanachanganya vibaya.

Kutengua kunahusu uteuzi. Aliyekuteua anaondoa alichokupa. Kama ulikuwa mtumishi wa kawaida kabla ya kuteuliwa, utumishi wako hauguswi na kule kutenguliwa peke yake. Ndipo linapokuja lile fungu la maneno ambalo kila Mtanzania analijua: "atapangiwa kazi nyingine". Kwa Kiingereza hiyo si lazima iwe "demoted". Inaweza kuwa kuhamishwa tu. Mtaani wanaita kutumbuliwa, neno lililoshika moto tangu mwisho wa 2015 na habari ya majipu, nalo halijali umeshushwa, umehamishwa au umefukuzwa. Limemeza yote. Kwa stori za kijiweni ni tamu, kwa tafsiri ni sumu.

Kushushwa cheo ni habari nyingine. Katika utumishi wa umma ni adhabu ya kinidhamu, na ni adhabu nzito, iko kapu moja na kufukuzwa kazi na kupunguzwa mshahara. Haiji kwa mdomo. Mtumishi anapewa hati ya mashtaka, anajitetea, ndipo uamuzi unatolewa.

Sekta binafsi, kama huyo mzee wa ghala, wanatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ile taarifa ya maandishi ya masharti ya kazi, ambamo kazi na cheo chako vimeandikwa, mwajiri akitaka kuibadilisha anatakiwa ashauriane na mfanyakazi kwanza, airekebishe, amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo swali langu kwa dada wa stesheneri: mzee aliitwa akasikilizwa, au barua ilimfuata mlangoni tu?

Na jingine, hili ni la haraka. Kanuni za utendaji bora za 2007, tangazo la serikali namba 42, zinataja kutoonekana kazini bila ruhusa wala sababu ya msingi kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Mzee alikosa tatu. Ulimtafsiria kwamba amefukuzwa, na kama yule mwenzake asingepiga simu, wiki iliyofuata tafsiri yako ingekuwa ya kweli.

---

Stesheneri_Mwanga

Mungu wangu. Hilo la siku tano sikulijua. Nimesoma sentensi yako ya mwisho mara tatu.

Mzee hakuitwa popote. Barua alikabidhiwa getini. Inasema mshahara utakuwa "as per the attached schedule" na hilo karatasi lililoambatishwa hakupewa.

Na mwalimu, nimerudi kwenye kopi niliyobaki nayo. "To" ipo, imekaa katikati ya mstari. Ndiyo, ni dada.

---

Mnyamwezi_Damu

Mimi ni mtu wa mpira, nileteni kwenye uwanja ninaoujua.

Hapa Tabora sisi tumeonja kushuka daraja kabla ya wengi wenu. Rhino Rangers walicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, msimu mmoja tu, wakashuka. Nilikuwa naingia uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na embe mfukoni, natoka sina hamu hata ya embe. Angalieni nilivyosema: wakaSHUKA. Hakuna aliyewashusha. Pointi hazikutosha. Kwa Kiingereza cha mpira hiyo ni "relegated", na ukiandika "demoted" watu wa mpira watakuelewa ila watajua si mwenzao.

Sasa chukua Juventus ya Italia, 2006. Wale walishushwa. Walimaliza ligi wakiwa juu kabisa, ikaja kashfa ya waamuzi, wakanyang'anywa ubingwa na kupelekwa Serie B, daraja la pili, kwa uamuzi wa mezani. Hapo "demoted" inakaa vizuri, kwa sababu kuna mkono wa mtu.

Yaani kitu ambacho Mwingereza anatafutia vitenzi viwili, sisi tunakimaliza kwa kugeuza mkia wa kitenzi kimoja. Shuka, shusha, shushwa. Halafu mtu anakwambia Kiswahili hakina msamiati!

---

Mashujaa_Damu

Umesahau 2023, mtani. Mashujaa wetu wa Kigoma waliingia Ligi Kuu kwa mchujo dhidi ya Mbeya City. Mechi zilezile mbili zilizotupandisha sisi ndizo zilizowashusha wao. Hao walishuka au walishushwa?

---

Mnyamwezi_Damu

Walishushwa na Mashujaa, wakashuka kwa pointi. Usinitege. Na sisi Tabora tulipanda mwaka huohuo bila kupitia kwenye mchujo, kwa hiyo tulia.

---

Mwalimu_Cheyo

Nimecheka hadi nyuki wamesikia. Ila mtani ametoa hoja ambayo ningeilipia. Kidogo tu kuhusu "relegate": Warumi walikuwa nalo kama adhabu, kumpeleka mtu mbali na mji bila kumvua uraia. Mshairi Ovid alipelekwa hivyo Tomis, kwenye mwambao wa Bahari Nyeusi, mwaka wa 8 baada ya Kristo. Kwa hiyo timu inaposhuka daraja, kwa asili ya neno, imepelekwa mbali ila bado ni raia. Na iliyokaa huko muda mrefu inajua mbali ni wapi.

---

Kijana_wa_Gungu

Na Pluto je? Mwaka 2006 wanaanga walikutana Prague wakapiga kura, ikatolewa kwenye sayari ikawa sayari kibete. Wamarekani wakalifanya jina lake kitenzi, "plutoed", yaani kushushwa hadhi, na chama chao cha lahaja kikalichagua kuwa neno la mwaka. Shuleni nilifundishwa sayari tisa, mdogo wangu kafundishwa nane, tuligombana hadi mama akaingilia.

---

Bwana_Mgebuka

Nimesema ufungwe uzi mmefika hadi angani.

---

Fundi_Kompyuta_KGM

Mimi nashangaa dada wa stesheneri hajalitaja hili, au hajaliona. Neno hilo liko kwenye kompyuta yako kila siku. Fungua Word, nenda kwenye View, halafu Outline. Juu kuna mishale. Wa kushoto ukiuwekea kishale unaandika "Promote", wa kulia "Demote". Kichwa cha habari ngazi ya kwanza ukibonyeza wa kulia kinakuwa ngazi ya pili. Wanaotunza seva nao wanasema "kui-demote" seva: mashine inavuliwa mamlaka ya kusimamia mtandao, lakini inabaki imewashwa ikifanya kazi nyingine.

Na wenye tovuti utawasikia wanalia Google imewa-demote. Ukurasa haujafutwa. Umepelekwa huko ambako hakuna anayefika.

---

Stesheneri_Mwanga

Subirini nijaribu.

Nimejaribu. Nilikuwa na ripoti ya mwanachuo humu. Nimebonyeza ule wa kulia, kichwa "Sura ya Pili" kikasogea ndani kidogo, herufi zikapungua, kikakaa chini ya "Sura ya Kwanza" kama mtoto wake. Nimebonyeza wa kushoto, kikarudi. Miaka sita nimekalia hii mashine, neno lilikuwa hapo juu ya kichwa changu.

Kama ningelijua hivi siku ile ningemwonyesha mzee kwa kidole. Baba, wewe ni hiki. Umesogezwa ndani, hujafutwa.

---

Tepe_Mbili

Na mshale wa kurudi upo. Mwambie.

---

Mzungumzaji_Mmoja

Jamani mnalifanya jambo la aibu kuwa tamu. Hapa mtaani ukisema fulani ameshushwa cheo, watu wanasikia ameiba. Bora hata kufukuzwa, mtu anaondoka, anaanza upya Mpanda au Dar, hakuna anayemjua. Aliyeshushwa anakutana kila asubuhi na waliokuwa chini yake. Jana walikuwa wanamwamkia, leo wanamwambia "mzee, sogeza hilo boksi". Kwenye drafti kete ikishakuwa kingi hakuna anayeirudisha kuwa kete ya kawaida. Inaliwa tu, mchezo unaendelea. Waliotunga drafti walikuwa na utu kuliko mabosi.

---

Mwalimu_Cheyo

Mzungumzaji, hapo sikupingi. Mimi nimeeleza neno, wewe umeeleza Jumatatu asubuhi.

---

Stesheneri_Mwanga

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa siku nne, umeme ulikuwa unasumbua.

Mzee alikuja jana jioni baada ya kutoka stoo, nguo zina vumbi la unga. Anataka nimchapie barua ya kuuliza sababu na kuomba lile karatasi la mshahara. Nikamsomea hapa yale ya Ofisi ya Utumishi kuhusu kushauriana. Akasikiliza vizuri. Tulipoanza kuandika, nikachapa "napenda kuuliza sababu ya kushushwa cheo", akanishika mkono. Akasema, mwanangu, usiandike hivyo. Andika "kuhamishiwa stoo". Kumbe hata nyumbani ndivyo alivyosema, mama watoto anajua amehamishwa kwa sababu ya mgongo.

Sijui nifanyeje. Barua ni yake, heshima ni yake. Nimeihifadhi bila kuichapa, nikamwambia arudi kesho.

---

Ofisi_ya_Utumishi

Dada, mheshimu mzee lakini hapo usimkubalie haraka, mweleze kwanza. Akiandika "kuhamishwa" kwa mkono wake, kesho mwajiri atasema: mfanyakazi mwenyewe anakiri ni uhamisho, hakuna aliyeshushwa. Barua yao imesema "demoted", aitumie hiyohiyo, ni ushahidi wake. Na siku zinahesabika. Akitaka kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Yeye yuko kwenye hizo 60, si 30. Unaona sasa kwa nini nakomalia neno? Na kama kuna chama cha wafanyakazi hapo ghalani aanzie kwao, asiende peke yake.

Nyumbani aseme atakavyo. Ya nyumbani hayapigwi muhuri.

---

Tepe_Mbili

Nakubali. Mimi mke wangu nilimwambia tepe zimepelekwa kushonwa upya. Alijua. Alinyamaza miezi yote ile, na gwanda alikuwa analifua yeye.

---

Stesheneri_Mwanga

Amekuja leo saa tatu. Nimemweleza la siku 60 na la neno kuwa ushahidi. Amekaa kimya muda mrefu, anaangalia nje wanapopakia magunia kwenye bajaji. Kisha akasema, "Basi andika. Lakini chapa kopi moja tu, na hiyo yangu niwekee kwenye bahasha, ifunge."

Nimeandika "nimeshushwa cheo kutoka msimamizi wa zamu kuwa msaidizi wa stoo". "Kutoka" na "kuwa", zote mbili zipo, mwalimu. Ameweka sahihi polepole, herufi moja moja. Nimekataa pesa, ameacha dagaa kwenye gazeti juu ya printa. Bahasha nimeifunga na gundi, akaigeuza kuangalia kama imeshika, akaitia katikati ya lile daftari la mtoto, akaenda zake kazini.